Bolti Kavu ya Kasenyi

Kabla hujapaka chochote juu ya chuma, nawa mikono. Na ukishakisafisha hicho chuma, usikiguse tena kwa vidole vitupu. Nayasema haya mwanzo kabisa, wanangu, kwa sababu nawajua: wengine wenu mtasoma mistari michache halafu mkimbilie simu zenu. Mkiondoka na hilo moja tu, sijapoteza muda wangu.

Mimi ni Kabugho. Kwa wale walio mbali na milima yetu, jina hilo hupewa binti wa tatu. Mbele yangu kuna Masika, aliyeolewa Bugoye na anayetuletea kahawa kila akishuka, halafu kuna Biira, ambaye mtamsikia sana hapa kwa sababu hajawahi kunyamaza. Ukipita Bwera leo utanikuta barazani natengeneza vyerehani, na watoto wa jirani wanadhani nilizaliwa na bisibisi mkononi. Hawajakosea sana. Baba alikuwa fundi cherehani hapa hapa, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia taa. Lakini miaka yangu ya kuvaa sare niliimalizia upande wa Kasese, kwenye ghala la silaha la askari wa wanyamapori, nikitunza bunduki zao za bolti.

Bunduki ya bolti haijipakii yenyewe. Ukishapiga risasi moja, unainua mkono wa bolti, unaivuta nyuma ili ganda litoke, unaisukuma mbele ili risasi nyingine iingie, kisha unalaza mkono. Ni komeo la mlango, basi, ila mlango wenyewe ukifunguka vibaya hakuna wa kumlaumu. Mwenye mazoezi anafanya hayo yote upesi kuliko anavyotaja jina la baba yake. Bolti ikigoma, huna bunduki tena, una gongo zito lenye mkanda.

Aliyenifundisha kazi ni Afande Thembo. Alikuwa ametoka jeshini zamani, na jeshi halikuwa limetoka kwake. Alizungumza kwa vipande.

"Fungua. Safisha. Paka. Funga. Maliza," ndivyo alivyonikaribisha siku ya kwanza, na hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu yote.

Afande Thembo alipenda mafuta. Alipaka mafuta kwenye bolti, kwenye magazini ya risasi, kwenye mtutu ndani na nje, na siku moja nilimkuta anapaka buti zake kwa kitambaa kile kile. Ukiingia ghalani kwetu na shati jeupe, ulitoka na ushahidi. Kwake yeye, chuma kikavu kilikuwa chuma kigonjwa, na huwezi kumlaumu, kwa sababu alikuwa amekulia mahali pa mvua na kutu, na mafuta yalimwokoa mara nyingi.

Lakini alikuwa na sheria moja ambayo mpaka leo naiheshimu kuliko sala zangu za asubuhi, Mungu anisamehe. Aliyeifunga bunduki ndiye anayepiga risasi ya kwanza. Si mwenye bunduki, si mkubwa wa kituo. Wewe fundi, uliyeirudishia vyuma vyake kwa mikono yako, unakwenda nayo uwanjani, unaiweka begani kwako, shavu lako pale pale. Na ikirudishwa kwenye kituo chake, unaisindikiza, unasimama na mwenye nayo zamu yake ya kwanza. Mara ya kwanza nilipotakiwa kupiga, nilikaa nakagua bolti mpaka Afande Thembo akachoka kusimama.

"Unaomba?" aliuliza.

"Hapana, Afande. Naangalia."

"Ungeangalia mbele ya kufunga."

Nikapiga. Bega liliuma wiki nzima, na tangu hapo sijawahi kufunga kitu cha mtu mwingine huku nikipiga soga.

Sasa nije kwenye mawese. Hapa Bwera ni mpakani, mafuta ya mawese yanavuka kutoka Kongo kwa madumu, ni mazuri kwa maharagwe, ni mazuri kwa sombe la majani ya muhogo, na askari wetu wakaamua ni mazuri kwa bunduki. Mafuta ya kazi yalikuwa yanachelewa kufika vituoni, na askari akiona bolti inakauka, akitazama jikoni na kuona chupa nyekundu imekaa tu, anafanya hesabu yake. Hata mimi ningeielewa hesabu hiyo kama nisingekuwa ndiye wa kuzisafisha.

Walikuwepo waliopanda nazo juu, upande wa Bwesumbu, kuwafukuza nyani na nguruwe pori kwenye mashamba. Kule baridi inajua kazi yake. Asubuhi mmoja wao akajaribu kufungua bolti yake, mawese yamegandia humo ndani, haiendi mbele wala nyuma. Akaishika bunduki kifuani kama mtoto mwenye homa, akaketi nayo karibu na moto wa mama mmoja aliyekuwa anachemsha chai, mpaka ikalegea. Nguruwe walikwishashiba na kwenda zao. Tulicheka sana tulipoipata habari hiyo. Yule mama alisimulia kanisani, na kwa muda mrefu askari yule hakuweza kupita Bwesumbu bila kuulizwa kama bunduki imekunywa chai.

Kule baridini mawese yanaganda. Chini kwenye joto yanafanya vibaya zaidi, ila yanafanya polepole, na hakuna anayecheka.

Kasenyi ni mwalo wa wavuvi kwenye Ziwa George. Mitumbwi inafika asubuhi, wachuuzi wamejipanga na mabeseni, bodaboda zinanguruma zinasubiri kupeleka samaki sokoni. Jua kali, vumbi, na upepo wenye chumvi ya ziwa dogo la jirani. Na viboko, bila shaka. Usiku wanapanda nchi kavu kula majani, asubuhi wanarudi majini, na hawana habari kwamba njia yao sasa ni soko. Kwa hiyo palikuwa na askari wa zamu. Zamu hiyo alikuwa nayo kijana mmoja mpole, mrefu, anaitwa Muhindo, na mmoja wa wachuuzi alikuwa dada yangu Biira.

Asubuhi moja kiboko alitokea upande wa nyumba. Muhindo akapiga mara moja, haraka, mbele ya miguu ya mnyama, kumtisha. Kiboko hakutishika, alikasirika. Muhindo akainua mkono wa bolti ili aweke risasi ya pili, mkono ukagoma. Akaupiga kwa kiganja. Ukagoma. Watu wakakimbia, kiboko akapita katikati ya mabeseni, na Biira, ambaye alikuwa ameinama anafunga mzigo wake, akakanyagwa mguu.

Hakufa. Namshukuru Mungu na yule bwana wa bodaboda aliyempakia bila kuuliza atalipwa na nani. Mguu uliunga, lakini uliunga vibaya, na mpaka leo Biira anatembea kwa kuuvuta. Kukimbia, basi tena.

Nitawaambia ukweli: nilimchukia Muhindo. Watu wa Kasenyi walimwita Mlingoti, kwamba alisimama tu kama mti wakati mama wa watu anakanyagwa, na mimi nikalichukua jina hilo nikalitumia. Aliileta bunduki yake ghalani yeye mwenyewe, akaiweka juu ya meza, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Sikumsalimu. Kwetu kutomsalimu mtu ni kumpiga.

Afande Thembo alijaribu bolti kwa mkono, halafu kwa mikono miwili, halafu akachukua nyundo ya mbao. Hatimaye ikatoka. Ilikuwa imevishwa kitu cha kahawia, kinanata kama ulimbo wa fenesi. Mawese ya muda mrefu, yamepikwa na jua, yamekamata vumbi, yamekamata chumvi, na ndani yake, nisije nikasahau, kulikuwa na magamba ya samaki yanang'aa.

"Ulipaka lini?" Afande Thembo akamuuliza.

"Kila siku, Afande," Muhindo alisema. "Ilikuwa nzito. Nikaona mafuta iko kidogo. Nikaongeza."

Kila siku. Mtu alikuwa anaitunza bunduki yake kwa bidii mpaka akaiua. Hapo chuki yangu ikakosa mahali pa kukaa, ikawa inazunguka zunguka ghalani kama kuku. Angekuwa mvivu ningejua la kumfanya.

Muhindo alihamishiwa getini, kunyanyua kizuizi magari yapite. Na Biira, akiwa bado na magongo, alikuwa amekwisha kuanza kusema atarudi Kasenyi.

"Nitakaa nyumbani nifanye nini?" aliniuliza. "Nihesabu mbuzi ya jirani?"

"Dada, hauwezi kukimbia."

"Samaki nayo haikimbie. Nitakaa."

Kila nilipofikiria Biira amekaa chini pale ufukweni, hawezi kuinuka upesi, na mbele yake askari mwenye bunduki iliyojaa mafuta, usingizi uliniruka. Kumzuia nisingeweza. Anayeweza kumzuia Biira hajazaliwa. Kilichokuwa mikononi mwangu ni bolti.

Nilikuwa najua kitu kimoja kutoka kwa Baba. Cherehani ya fundi wa magauni ya harusi huipaki mafuta kila mahali, maana tone moja likidondokea kwenye kitambaa cheupe, umeharibu harusi. Sehemu zilizo juu ya kitambaa, Baba alizisugua kwa unga mweusi wa ndani ya penseli. Chuma kikateleza kikavu, na vumbi la nyuzi halikupata pa kunata. Nikamwambia Afande Thembo: kinachotuua ni unyevu wa mafuta, tujaribu ukavu.

"Bunduki siyo gauni," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kilichonisaidia ni bawaba. Mlango wa ghala letu ulikuwa na bawaba mbili. Ya chini ililia kila ukiufungua, ilikuwa nyekundu kwa kutu. Ya juu ilikuwa nyeusi, kimya, safi, na sikumbuki kuona mtu akiipaka mafuta. Siku moja nikapitisha kidole: kikavu. Hakuna vumbi. Nikamuuliza Afande Thembo aliifanya nini.

"Rangi," akasema. "Kopo ile ndogo, ilikuja na sanduku ya vipuri. Iliisha kabla ya bawaba ya pili."

Rangi! Nikaenda nikachimba kwenye lile sanduku, nikakuta makopo mengine yamefungwa bado. Yalikuwa na mipako ya kupaka vyuma vinavyosuguana, dawa nyeusi inayokauka ikawa ngozi nyembamba yenye kuteleza, na kopo lenyewe lilieleza: ondoa mafuta yote, paka nyembamba, kausha, kisha choma kwa moto wa kiasi. Afande wangu alikuwa amepaka mlangoni dawa iliyotumwa kwa ajili ya bunduki. Alilitazama kopo, akautazama mlango, akavuta masharubu yake.

"Mlango iko mzuri lakini," akasema.

Hapo ndipo tulipoanza kuharibu. Vijana, msiogope kuharibu, ila haribuni bolti mbovu kwanza. Tulikuwa na kuukuu kadhaa zisizo na kazi, na nyingi tulizimaliza.

Kosa la kwanza: tulipaka nene. Nilidhani kinga nene ni kinga zaidi. Bolti ikakataa kuingia mahali pake, nikaanza kuisugua kwa msasa, nikarudi nilipoanzia. Mipako hii unaipaka kiasi kwamba rangi imebadilika tu. Kama unaiona kuwa imekaa juu ya chuma, imezidi. Na zipo sehemu huzigusi kabisa: zile zinazobeba mshindo wa risasi, na ndani ya mtutu. Ukizipaka hizo unabadilisha vipimo vya bunduki, na bunduki haipendi kubadilishiwa vipimo karibu na uso wa mtu.

Kosa la pili lilituchanganya sana. Kila bolti tuliyopaka ilibanduka mahali pamoja, ubavuni, kipande cha umbo la yai. Tulisafisha kwa petroli, tukachemsha kwa sabuni, tukakwangua kidogo ili dawa ishike. Bado yai lile lile. Mpaka nilipolitazama kwa lenzi ya Baba ya kutungia sindano, nikaona mistari. Lilikuwa dole gumba. Afande Thembo, kila bolti ikishakauka na kabla sijaipaka, alikuwa anaipitia na kuibonyeza kidogo, kama mtu anayembariki mtoto, na vidole vyake vilikuwa vimekunywa mafuta miaka na miaka, hata sabuni haikuyatoa.

"Afande," nikasema, "hii ni wewe."

Akaweka dole gumba lake kando ya alama. Akatazama. Akacheka mpaka akakaa chini, na sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Kesho yake alikuja amevaa glavu za mke wake za kuoshea vyombo, za rangi ya waridi, na ole wake askari aliyethubutu kusema neno.

Kosa la tatu lilikuwa moto. Tuliwasha mkaa, tukaning'iniza bolti juu yake kwa waya, upande mmoja ukaungua na mwingine ukabaki mbichi. Nani anayejua moto wa kiasi? Nikapanda gari nikaja Bwera kwa Haji Sadiki, ambaye mikate yake imelisha mji huu na ng'ambo ya mpaka. Nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza huku anakanda unga.

"Dada Kabugho," akasema, "hapa batu bananunua mukate. Sipike bunduki, hapana. Ile harufu ikiingia mu tanuri, nani atakula?"

"Sitaki tanuri lako, Haji. Nataka macho yako."

Hilo alilipenda. Akanichorea kwenye unga, kwa kidole, jinsi ya kujenga tanuri dogo la pipa: moto chini, bamba la chuma katikati, mchanga juu ya bamba ili joto litulie. Kisha akanifundisha kusoma moto. Unarusha unga kidogo juu ya bamba. Ukibaki mweupe, ngoja. Ukigeuka rangi ya chai ya maziwa polepole, weka chuma chako. Ukiwa mweusi upesi, umechelewa, toa makaa. Akaja mwenyewe Kasese siku tuliyowasha, na kanzu yake nyeupe, akasimama mbali na harufu na kutupigia kelele.

"Ngoja! Iko mubichi! Munaharakisha nini, muko na njaa?"

Bolti ya kwanza iliyotoka sawasawa ilikuwa nyeusi isiyong'aa, kama sufuria ya bibi iliyosuguliwa. Niliiingiza kwenye bunduki, nikainua mkono wa bolti, kisha mtutu juu, na bolti ikateleza nyuma yenyewe kwa uzito wake. Haikusema kitu. Afande Thembo akaijaribu tena na tena. Halafu akainyunyizia vumbi la uani, akaipuliza, ikateleza vile vile. Akavua glavu zake za waridi.

"Chuma kavu," akasema taratibu, akanipa mkono. Kwa mtu wa maneno machache, hiyo ilikuwa hotuba.

Siku hizi mna bunduki zinazokuja na mipako yake tangu kiwandani, na vifaa vya kupulizia, na majiko ya umeme yanayolia yakifika joto lake. Vizuri sana. Lakini naona vijana wanachukua chuma hicho kilichopakwa kwa gharama, wanakimwagia mafuta juu kwa mazoea, vumbi linanata, halafu wanalaumu kiwanda. Kikavu kiache kikavu. Futa kwa kitambaa, basi. Kazi ngumu kuliko zote kwa fundi ni kuona chuma na kutokifanya kitu.

Bunduki ya kwanza kuipaka kwa kazi ilikuwa ya Muhindo. Mkubwa wa kituo alikuwa ameamua kumrudisha Kasenyi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyezijua njia za viboko wa pale. Na Biira alikuwa amekwisha kurudi, amekaa mahali pake pale pale. Niliifunga mimi. Nilipiga mimi, uwanjani, risasi ya kwanza, nikavuta bolti, ganda likaruka, nikapiga ya pili kabla vumbi la kwanza halijatua. Kisha nikamkabidhi Muhindo afungue na kufunga, afungue na kufunga, mpaka mkono wake ukaacha kujiandaa kwa ugumu. Maana mkono una kumbukumbu. Mkono wake ulikuwa bado unapigana na mawese.

"Mama," akaniambia, "naogopa dada yako kuliko kiboko."

"Hata mimi," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza nilizungumza naye vizuri.

Kwa sheria ya Afande Thembo, nikamsindikiza. Asubuhi tukafika mwaloni. Wachuuzi wakamwona, wakaanza.

"Banange, jamani! Mlingoti amerudi!"

"Mumfunge taa juu, atusaidie!"

Muhindo akaenda kusimama mahali pake pa zamu. Biira alikuwa amekaa juu ya kigoda chake nyuma ya beseni la samaki wa ngege, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Alimtazama mara moja, akaendelea kukwangua magamba. Mimi nikasimama nyuma ya Muhindo, hatua chache.

Hatukusubiri sana. Mbwa walibweka upande wa nyumba, kisha bodaboda zikatawanyika, na tukamwona. Kiboko jike, na mtoto wake kando. Kati yao na maji kulikuwa na soko zima. Watu wakaacha kila kitu wakakimbia. Nilimkimbilia Biira, nikamshika kwapa, akajaribu kuinuka, mguu ukakataa, akarudi chini na kunivuta na mimi.

"Kimbia wewe," akaniambia. Sikukimbia. Wala si kwa ushujaa. Mkono wangu ulikuwa bado kwapani mwake.

Muhindo alikuja akasimama mbele yetu. Akainua mkono wa bolti, akavuta, akasukuma, akalaza. Mimi niliyeipaka nilikuwa hatua moja nyuma yake, na sikuisikia. Kiboko akasimama. Akafungua mdomo. Nikasema moyoni, piga, sasa piga, utapiga lini? Muhindo aliweka bunduki begani na hakupiga. Nilikiona kidole chake kimenyooka kando ya triga, kimetulia, kama cha mtu anayesoma.

Akasogea hatua moja kushoto, sisi tukiwa bado nyuma yake. Kwa hatua hiyo upande wa kulia ukawa wazi, mpaka kwenye mitumbwi. Yule jike akatazama uwazi ule. Akashusha kichwa, akamsukuma mtoto wake kwa pua, wakapita kati ya mtumbwi wa mwisho na matete, wakaingia majini. Maji yakafunga juu yao.

Muhindo akafungua bolti, akaitoa risasi nzima, akaiweka mfukoni. Nikaanza kulia, na sioni haya kuwaambia.

Biira alikuwa bado na kisu cha magamba mkononi. Watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja, hakuna aliyetaja mlingoti.

"Wewe," Biira akamwita. "Sababu gani haukupiga?"

Muhindo akageuka, akavua kofia.

"Ile siku nilipiga haraka sababu nilijua risasi ya pili haiko, mama," akasema. "Ilikuwa nzito siku nyingi. Leo nilijua iko."

Biira alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye buti. Kisha akainamia beseni lake, akageuza samaki mmoja ili upande mzuri uonekane.

"Basi sogea kidogo," akamwambia. "Unanizibia wateja."

Akasogea, lakini si mbali, na Biira hakumwambia asogee tena.